Kopo la Rafu ya Chini

Kwenye sakafu ya maabara yetu ya mifugo kuna mstari mwekundu wa rangi ya mafuta. Upande wa mlangoni ni upande mchafu. Hapo ndipo tunapopokea kinyesi cha mbwa, matapishi ya paka na mabaki ya vyakula walivyokula kabla hawajaugua. Upande wa dirishani ni upande safi, na huko vijidudu vinaoteshwa kwenye sahani za kioo ili vijulikane ni vya aina gani. Chombo cha upande mchafu hakivuki mstari mpaka kipite kwenye mtungi wa mvuke, unaoua kila kijidudu kwa joto; sampuli ya kupimwa huivusha mpimaji peke yake. Mtungi huo nilikuwa naujaza na kuufungua mimi. Nilikuwa naosha vyombo, napokea sampuli dirishani na kuzipanga kwenye friji.

Kulikuwa na sheria nyingine, na hiyo iliandikwa kwa kalamu nene mlangoni mwa friji: sampuli isiyo na jina haipimwi. Inawekwa rafu ya chini siku tatu. Mwenyewe asipotokea, inaingia kwenye mtungi na kutupwa.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mpimaji wetu. Miwani yake ilikuwa minene kama vitako vya chupa, watu wakamwita Darubini, naye akaitika. Mimi aliniita Kimya.

"Kimya, leo umeshasema maneno mangapi?"

"Matatu."

"Na hilo la nne. Angalia usije ukapasuka koo."

Shule niliiacha darasa la tano. Lakini lebo za sampuli nilizisoma zote, moja moja, mpaka zikawa hazinisumbui. Darubini aliniachia kazi hiyo na hakuwahi kurudia kuzikagua nyuma yangu.

Mwezi ule walikufa mbwa saba na paka wawili, wote wa mitaa ya karibu. Waliharisha damu, wakatapika, siku ya tatu wakalala chini wasiinuke. Daktari wetu wa mifugo, mama mmoja mrefu asiyependa kukaa kitini, alishuku wamekula kitu kimoja. Ila wanyama wenyewe waliletwa wakiwa wameshachomwa sindano za kila aina huko walikotoka, na sahani zao zilitoka tupu. Hakuna kilichoota.

"Nataka chakula," alisema. "Mtu aniletee alichokula mnyama wake, hata kama ni kijiko kimoja."

Jumamosi asubuhi mzee mmoja alibisha dirishani. Koti lake lilikuwa limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, na mikononi alishika kopo la njano kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, binti. Nimeleta chakula cha Karani."

Nilidhani Karani ni mtu. Akaniona nilivyokodoa macho.

"Mbwa wangu. Alikuwa anakaa getini na kumkagua kila anayeingia, utadhani ana daftari. Nimemzika jana."

Daktari alimsikia akaja mbio. Mzee alikuwa mwalimu mstaafu, anaishi peke yake, simu hana. Chakula alikinunua kwa mama mmoja anayepita na mkokoteni. Jina la mama huyo halijui.

"Mbwa wangu alikuwa mzee, meno hana, tena ana madeko," Mwalimu alisema. "Hali kitu mpaka nionje mimi kwanza. Basi naonja kidogo, natikisa kichwa, ndipo anakula."

Daktari aliacha kuandika. "Unaonja? Unameza kabisa?"

"Nikitema ananiona."

"Mwalimu, tumbo likikusumbua, hata kidogo, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usingoje kesho."

"Nimemeza vumbi la chaki miaka thelathini na minane, Daktari. Tumbo langu limeshakuwa ubao."

Wakacheka wote wawili, lakini Daktari hakucheka sana. Akamwambia kopo lile ndilo tulilokuwa tunalisubiri. Likipimwa tutajua ni kijidudu gani, na kwa vidonge vya karatasi vinavyowekwa juu ya sahani tutajua pia ni dawa gani inakiua. Majibu Jumatano.

Mwalimu aliandika lebo mwenyewe, kwa mwandiko wa ubaoni, herufi zimesimama wima: jina lake, tarehe, na chini yake, *Chakula cha mwisho cha Karani*. Akaibandika, akanikabidhi kopo.

Hapo ndipo nilipoiona kamba. Ilikuwa kamba ya bluu ya gunia, imezungushwa mara mbili juu ya kifuniko na ncha yake kupenyezwa chini. Shangazi yangu huzungusha mara moja. Mara mbili ni mimi.

Nikasaini daftari la mapokezi, nikaliweka kopo rafu ya juu, nikarudi kwenye sinki.

*

Shangazi ndiye aliyenilea. Baba alipofariki alinichukua na nguo nilizovaa, akanipa nusu ya kitanda chake, na nusu hiyo ninayo hadi leo. Kazi yake ni kupikia mbwa. Alfajiri anakwenda machinjioni kuchukua mapafu, vichwa na matumbo yasiyouzika, anayachemsha na pumba kwenye pipa lililokatwa, anapakia kwenye makopo, na mchana anazunguka na mkokoteni. Siku nikiwa nyumbani mapema namsaidia kufunga.

Nilirudi siku ile nikamkuta anaipua. Mvuke ulikuwa umemfunika mpaka kiunoni. Kando yake lilikuwepo beseni kubwa la bluu, lile lile alilobebea nyama mbichi kutoka machinjioni, damu imegandia pembeni. Akachota chakula kilichoiva akakimimina humo ndani kipoe, kwa sababu ndilo beseni pana kuliko yote.

Nimeliona beseni lile likifanya kazi hiyo tangu nikiwa mtoto. Lakini sasa nilikuwa najua kuhusu mstari mwekundu. Moto unaua vijidudu vyote, alinieleza Darubini mwezi wangu wa pili kazini, halafu mtu anakirudisha kilichoiva kwenye chombo cha kibichi, kikiwa cha uvuguvugu, na hapo vinazaliana kama vimealikwa harusini. Siku aliponieleza nilielewa palepale. Nikaenda nyumbani nikiwa na maneno mdomoni, nikayameza pamoja na chakula cha jioni.

"Mbona umesimama kama mlingoti?" Shangazi aliuliza. "Njoo unisaidie."

"Shangazi, beseni hilo..."

"Limefanyaje? Limekutukana?"

"Hapana."

"Basi shika kamba ufunge."

Nikafunga makopo kumi na mawili. Nilikuwa nawaza watu wa afya wakija uani kwetu, wakilimwaga pipa, majirani wamejaa ukutani, na Shangazi katikati yao amevua kitambaa cha kichwa. Nilijiambia mbwa wenyewe wameshakufa, na Mwalimu anacheka, ni mzima. Usiku ule sikugeuka upande wangu wa kitanda hata mara moja.

Jumapili ni zamu yangu ya kufungua maabara peke yangu, kuosha na kuondoka. Nikafungua friji. Lebo ya Mwalimu ilikuwa imelowa umande wa baridi. Nilipoivuta ilitoka yote, bila kuchanika. Nikaifungua ile kamba pia. Kopo nikaliteremsha rafu ya chini, ambako tayari kulikuwa na mengine matatu yasiyo na jina, mawili ya njano. Lebo niliitia kwenye mfuko wa aproni pamoja na kamba. Ilikuwa kazi ya dakika moja.

Jumatatu Darubini alilitafuta kopo mpaka miwani ikamteleza puani.

"Kimya, la Mwalimu liko wapi? Kwenye daftari lipo."

"Sijui."

"Hapa chini kuna makopo manne hayana majina. Siwezi kupima kopo nisilojua ni la nani, nikampa mtu majibu ya paka wa mwingine." Akajikuna kichwa. "Basi. Jumatano atakuja, atalitambua mwenyewe."

Jumanne jioni siku tatu zilitimia. Darubini alikuwa ameondoka mapema. Nikayaingiza makopo yote manne kwenye mtungi wa mvuke, nikakaza skrubu, nikawasha. Ilivyosemwa mlangoni mwa friji ndivyo nilivyofanya.

*

Mwalimu alikuja Jumatano saa nne. Vifungo vya koti vilikuwa vimepishana, cha juu kimeingia tundu la pili. Alishika kizingiti cha dirisha kwa mikono yote miwili.

"Marahaba," alisema kabla sijamwamkia.

Darubini alitoka akamweleza, kichwa chini. Lebo imebanduka, makopo yamechanganyika, na jana yamekwenda na mvuke.

"Siku tatu zilikuwa zimetimia," nikasema.

Darubini alinigeukia. Yalikuwa maneno manne, na sikuwa nimeulizwa. "Kweli," akasema. "Kosa ni langu, sikumwambia asiyaguse. Na lebo huenda niliipangusa mimi nilipofuta friji. Nisamehe, Mwalimu."

"Usijali, kijana. Makaratasi hupotea. Nimewahi kupoteza mitihani ya darasa zima." Alijaribu kutabasamu. "Ila ningependa kujua kilichomuua mwenzangu. Hata mimi tumbo..."

Hakumaliza. Magoti yalimwishia pale pale dirishani, nami nikatoka mlangoni nikakimbilia nje kumshika. Alikuwa mwepesi na wa moto. Suruali yake ilikuwa imelowa, naye alijua, akawa anaomba radhi. "Samahani, binti. Samahani sana." Aliisema mara nyingi, mpaka Daktari akaleta gari.

Alhamisi simu ya ofisini iliita, kutoka hospitali. Daktari aliongea akiwa amesimama, mlango wazi.

"Hapana, hatuna kitu. Sampuli ilipotea... Najua... Damu yake mmeipeleka wapi? Majibu juma zima? Hana juma zima huyo, Daktari... Dawa zote mbili? Zote mbili zimeshindwa?" Akaukamata ukingo wa meza. "Ningekuwa na hilo kopo ningekwambia leo hii umpe dawa gani."

Akaiweka simu chini taratibu. Darubini alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mimi nilikuwa naosha sahani ambayo nilikuwa nimeshaiosha.

*

Jioni ile nilichukua chupa moja iliyopita kwenye mvuke, na kijiti chenye pamba, nikaenda navyo nyumbani ndani ya sidiria. Shangazi alikuwa uani anafagia. Nikapiga magoti kwenye beseni la bluu nikapitisha pamba pembeni, pale damu inapogandia, na chini, pale uji wa pumba ulipobaki. Hivyo ndivyo nilivyomwona Darubini akifanya.

"Unafanya nini na beseni langu?"

"Nalipima."

"Kwani unashona gauni?"

Sikucheka. Akaegemeza ufagio ukutani.

"Shangazi, mbwa wamekufa. Saba. Na paka."

"Mbwa wanakufa kila siku. Nani kasema ni mimi?"

Nikamwambia. Nilianza kwa mstari mwekundu, kwa sababu sikujua kwingine pa kuanzia. Nikamwambia kuhusu kibichi na kilichoiva, kuhusu uvuguvugu, kuhusu Mwalimu anayeonja kwanza ili mbwa wake ale. Kuhusu lebo sikusema. Alinisikiliza hadi mwisho, na uso wake haukuwa na hasira niliyoitegemea. Ulikuwa kama wa mtu anayehesabu.

"Mzee wa koti," akasema. "Ananiita mama, na mimi amenizidi miaka michache tu." Akaketi kwenye kigoda. "Jambo hili la beseni umelijua lini?"

"Tangu mwezi wa pili kazini."

"Wa pili. Na sasa una mwaka na nusu."

"Ndiyo."

"Umefunga makopo pamoja na mimi mwaka na nusu."

"Niliogopa, Shangazi. Ni kazi yako. Nilidhani..."

"Ulidhani nini? Ulidhani nitakupiga?" Alilitazama beseni kama mnyama aliyeingia uani bila hodi. "Ungesema ningeliosha. Si beseni tu? Ningelisugua na jivu, nikalimwagia maji ya moto, au nikanunua la pili. Mwanangu, ningeliosha."

Siku zote nilikuwa nimeamini kwamba namkinga.

Akauchukua tena ufagio, akasema, "Peleka hiyo pamba. Andika ni ya kwangu."

Usiku, kwenye kona ya meza, niliandika lebo yangu ya kwanza. Niliandika jina la Shangazi, mtaa wetu, na *beseni la chakula cha mbwa*. Neno la mwisho nililirudia mara mbili kwa sababu mkono ulipinda.

Ijumaa asubuhi nilivuka mstari mwekundu nikamkabidhi Darubini.

"Ya nani hii?"

"Ya kwetu."

Akaisoma. Akanitazama mimi, akaisoma tena. Aliipaka pamba kwenye sahani yenye rojo jekundu, akaiingiza kabatini kwenye joto, na akalala ofisini siku zote tatu ili asipoteze hata saa moja.

Jumamosi vijidudu vilikuwa vimeota. Kwenye lile rojo jekundu kulikuwa na vitone vingi vyenye macho meusi katikati, vimejaa kama mbegu za papai. "Ndivyo vyenyewe," Darubini alisema, bila furaha. Akachukua vichache akavitandaza kwenye sahani nyingine, akapanga juu yake vidonge sita vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Dawa inayoua huacha duara safi kuzunguka kidonge. Isiyoua, vijidudu vinaota mpaka kwenye ukingo wake. Jumapili alisema majibu hayajakaa sawa, akavirudia upya asije akamdanganya mtu wa hospitali. Simu ilipigwa mara mbili kutoka kule siku hiyo. Mwalimu alikuwa anaongea peke yake, anaita majina ya wanafunzi.

Jumatatu saa moja asubuhi tulikuwa watatu juu ya sahani ile: Daktari, Darubini na mimi. Vidonge vinne havikuwa na duara lolote. Viwili kati ya hivyo vilikuwa vya zile dawa alizokuwa akipewa Mwalimu. Cha tano kilikuwa na duara dogo, la kubahatisha. Cha sita kilikuwa na duara pana, safi, kama mtu amelifuta kwa kidole.

"Hii," Daktari alisema. "Hii wanayo pale hospitali. Ipo kabatini kwao, naijua." Akakimbilia simu.

Tulimsikia akilitaja jina la dawa kwa sauti kubwa, akalitaja tena. Kisha sauti yake ikashuka. "Saa ngapi?" akauliza. "Saa kumi na moja alfajiri." Akasema asante. Sijui kwa nini watu husema asante.

Alisimama mlangoni na hakuhitaji kutuambia.

Darubini alivuta daftari la majibu ili aandike, maana majibu huandikwa hata kama anayeyangoja hayupo. Akaandika namba, tarehe, kijidudu, dawa. Akafika kwenye safu ya *ugonjwa unaohusiana* akasita. "Kopo la Mwalimu lingekuwa ushahidi," akasema. "Sasa tuna beseni tu. Hatuwezi kusema ni chakula kilekile."

Niliingiza mkono kwenye mfuko wa aproni. Lebo ilikuwa imekauka na kujikunja kama gamba, na ile kamba ya bluu imejisokota humo pia. Nikaviweka vyote viwili juu ya daftari. Herufi zilikuwa bado zimesimama wima. *Chakula cha mwisho cha Karani.*

Darubini aliinamia karibu sana, mpaka miwani ikakaribia kugusa karatasi. Aliponyanyuka hakunitazama usoni, alitazama aproni yangu, mfuko wenyewe.

"Mimi nilimwomba radhi," akasema. "Yule mzee. Nilimwomba radhi mimi."

"Nitamwambia Daktari."

"Mwambie." Akanyoosha kidole sakafuni. "Na rudi upande ule."

Nikarudi nyuma ya mstari.

Daktari alinisikiliza akiwa amesimama, kama kawaida yake. Hakupaza sauti. Alisema barua itaandikwa, na mpaka itakapojibiwa nisiguse sampuli yoyote, dirishani wala kwenye friji. Mchana ule watu wa afya walikwenda kwetu, na baadaye niliambiwa kwamba Shangazi aliwatolea beseni mwenyewe mpaka barabarani kabla hawajabisha, na kwamba hakuvua kitambaa. Tulilala kitanda kimoja kama siku zote. Hakunisemesha, na mimi nilikuwa sina haki ya kumlaumu mtu kwa kunyamaza.

Jumatatu hiyo, kabla sijaondoka kazini, Darubini alikuwa ameziacha sahani zake ukingoni mwa mstari, kwenye trei. Kuosha nilikuwa bado naruhusiwa. Ile yenye duara safi ilikuwa juu ya nyingine. Nikaiingiza kwenye mtungi, nikakaza skrubu, nikangoja mvuke. Ilipotoka, vitone na duara vyote vilikuwa vimeyeyuka pamoja na kuwa maji mekundu. Nikayamwaga, nikasugua kioo kwa brashi mpaka kikalia chini ya kidole, nikakigeuza kikauke.